Kutabiri demensia mapema kwa skani za ubongo na ujifunzaji wa mashine: uchague skani ipi, na modeli ipi?

Kabla ya kulinganisha mashine, amua unatabiri nini. Maswali matatu tofauti hutiwa kapu moja, na ugumu wake haukaribiani. La kwanza ni kumtenganisha mtu ambaye tayari ana Alzheimer na mzee mwenye afya. La pili linahusu watu wenye MCI, yaani kumbukumbu imeshuka kuliko umri unavyoruhusu lakini mtu bado anajimudu: nani kati yao ataingia kwenye demensia ndani ya miaka mitatu hivi? La tatu ni kumchukua mtu asiye na dalili yoyote na kukisia hali yake miaka kumi ijayo.

La kwanza ni jepesi na halina faida kubwa kliniki, maana daktari aliyezungumza na mgonjwa na ndugu zake kwa nusu saa hahitaji kompyuta imwambie. La pili ndilo lenye thamani. Kwenye kliniki za kumbukumbu, takriban watu 10 hadi 15 kati ya 100 wenye MCI huingia kwenye demensia kila mwaka, wengine hubaki walipo, na wengine hurudi kawaida kabisa. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2021, modeli zilizofunzwa kwa data za mradi wa Marekani wa ADNI zilitenganisha wagonjwa na wazima kwa AUC, yaani alama ya uwezo wa kutenganisha makundi mawili, ya karibu 0.94 (0.5 ni sawa na kurusha sarafu, 1 ni kutokosea kabisa). Mbinu hizohizo zilipoulizwa swali la pili, AUC ilishuka hadi karibu 0.75. Zilipohamishiwa kwa wagonjwa wa Uholanzi, ikabaki kati ya 0.66 na 0.70 hivi. Kwa hiyo ukikutana na modeli yenye "usahihi wa asilimia 95", uliza kwanza ilijibu swali lipi. Karibu kila mara ni lile la kwanza.

Skani tano, kwa kifupi (PET ni skani inayofuatilia dawa yenye mionzi iliyodungwa mwilini)

| Skani | Inachoonyesha | Muda na maandalizi | Mionzi | Nguvu yake |
|---|---|---|---|---|
| MRI ya T1 | umbo, ujazo, kusinyaa | dakika 5–10, vyuma vyote vitolewe | hakuna | pa kuanzia kwa mradi wowote |
| PET ya FDG | matumizi ya glukosi | kufunga saa 4–6, kusubiri dakika 30–60 | ipo | kutofautisha aina za demensia |
| PET ya amiloidi | mabaka ya protini ya amiloidi | kusubiri dakika 30–90, skani dakika 10–20 | ipo | kuthibitisha au kuondoa Alzheimer |
| PET ya tau | mafundo ya protini ya tau | kusubiri dakika 80 hivi, skani dakika 20 | ipo | kujua ugonjwa umefika wapi |
| CT | umbo kwa ukungu, damu, uvimbe, maji kujaa | dakika chache | ipo | kuondoa sababu nyingine |

Kuna MRI za aina nyingine mbili zinazopendwa sana kwenye makala za utafiti: ile ya kufuatilia nyuzi za ubongo na ile ya kupima shughuli za ubongo mtu akiwa amepumzika. Zote mbili huyumba mno mashine ikibadilika au mgonjwa akitikisika. Kwa uamuzi wa mtu mmoja mmoja, ziache kwanza.

MRI ya T1

Hii ndiyo ya kuanzia. Haina mionzi, mgonjwa mwenye tatizo la kumbukumbu huipigwa hata hivyo ili kuondoa uvimbe na damu, na ndiyo yenye data nyingi za wazi za kufunzia. Omba picha ya 3D yenye vokseli (vijisanduku vinavyounda picha) za milimita 1 kila upande. Vipande vinene vya milimita 5 vyenye nafasi katikati, ambavyo idara nyingi hupiga ili kuokoa muda, vinamtosha mtaalamu wa radiolojia anayetafuta uvimbe, lakini havitoshi kupima hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, kwa uhakika. Kwenye ziara hiyohiyo ongeza FLAIR, aina nyingine ya picha ya MRI, ili uone madhara ya mishipa midogo ya damu, na picha inayoonyesha chembe za damu iliyovuja.

Hipokampasi ndicho kiungo kinachotazamwa kwanza, kwa kuwa Alzheimer huanza kusinyaza eneo hilo na jirani zake mapema. Kwa mzee mwenye afya, kila moja ina ujazo wa takriban sentimita 3 za ujazo, au zaidi kidogo. Hupungua kwa asilimia 1 hivi kwa mwaka, na kwa mwenye Alzheimer kasi hufika asilimia 3 hadi 5. Sasa piga hesabu: asilimia 1 ya ujazo huo ni milimita 30 za ujazo, yaani vokseli 30. Programu ileile ikimpima mtu yuleyule mara mbili siku moja inaweza kutofautiana kwa kiasi hicho au zaidi. Ndiyo maana skani mbili zilizopishana mwaka mmoja, hasa kama zimepigwa kwenye mashine mbili tofauti, hazitoshi kumwambia mtu kuwa ubongo wake "unasinyaa kwa kasi". Kwa kundi la watu mia kelele hizo hujifuta zenyewe, ila kwa mtu mmoja hazijifuti.

Kinachoharibu picha zaidi ni kutikisika. Mtu akitikisika kidogo tu, gamba la ubongo huonekana jembamba kuliko lilivyo. Wagonjwa hutikisika kuliko wazima, hivyo modeli inaweza kujifunza mtikisiko nawe ukadhani imejifunza ugonjwa. Hatari nyingine ya namna hiyo ni mashine zenyewe: wagonjwa wakipigwa kwenye 3T (tesla, nguvu ya sumaku) na wazima kwenye 1.5T, modeli itatambua mashine, na alama zake zitapendeza sana.

Kuna mshindani wa bei ya chini anayesahaulika. Kipimo cha macho cha Scheltens cha mwaka 1992 humtaka mtaalamu atazame vipande vya koroni (vya wima, kana kwamba unamtazama mtu usoni) na kutoa alama 0 hadi 4 kwa kusinyaa kwa eneo la hipokampasi. Huchukua dakika moja au mbili. Modeli yako ikishindwa kuizidi alama hiyo, huna modeli.

PET: tatu zenye kazi tofauti

Watu husema "PET" kana kwamba ni kipimo kimoja. Ukweli ni kwamba dawa inayodungwa ndiyo inayoamua unaona nini.

FDG ni glukosi yenye florini-18, ambayo nusu-uhai wake (muda wa mionzi kupungua kwa nusu) ni dakika 110 hivi. Inaonyesha ubongo unavyotumia sukari. Katika Alzheimer matumizi hushuka kwanza kwenye singuleti ya nyuma, prekuneasi, na maeneo ya pembeni kuelekea nyuma. Katika demensia ya sehemu ya mbele ya ubongo hushuka mbele; katika ile ya miili ya Lewy hushuka kisogoni, huku singuleti ya nyuma mara nyingi ikisalimika. Uwezo huo wa kutofautisha aina ndio unaoiweka FDG mbele ya MRI. Lakini maandalizi yakilegea, picha inaharibika. Pima sukari kabla ya sindano, na ikizidi takriban 200 mg/dL (11 mmol/L) ahirisha, kwa sababu glukosi ya mwilini hushindana na ile iliyodungwa na picha hufifia. Baada ya sindano mgonjwa akae chumba tulivu chenye mwanga hafifu, asisome, asiongee, asishike simu. Akitazama video dakika zote hizo, kisogo kitang'aa na modeli itasoma mchoro usiokuwepo.

FDG ndiyo iliyotoa tokeo moja linalonukuliwa kupita yote. Mwaka 2019 watafiti wa San Francisco walionyesha mtandao wa neva (modeli inayojifunza yenyewe kutoka kwenye picha) wa aina ya InceptionV3 uliokuwa na unyeti (sehemu ya wagonjwa inaowakamata) wa asilimia 100 na umahususi (sehemu ya wasiougua inaowaacha) wa asilimia 82, kwa wastani wa miezi 75.8 kabla ya utambuzi wa mwisho wa ugonjwa. Kinachoachwa nje kwenye nukuu ni kwamba kundi huru la majaribio lilikuwa na watu 40. Unyeti wa asilimia 100 kwa kundi dogo hivyo ni habari ya kutia moyo, lakini huwezi kuandikia sera.

PET ya amiloidi ina historia fupi: dawa ya kwanza, PiB, ilichapishwa 2004, lakini ilitumia kaboni-11 yenye nusu-uhai wa dakika 20, kwa hiyo hospitali isiyo na saiklotroni (mashine ya kutengeneza dawa za mionzi) jirani haikuweza kuitumia. Zilizofuata zilitumia florini-18: florbetapir (iliidhinishwa Marekani 2012), flutemetamol (2013) na florbetaben (2014). Florbetapir hupigwa picha dakika 30 hadi 50 baada ya sindano, ilhali hizo mbili nyingine husubiri dakika 90 hivi. Usichanganye namba za dawa mbili bila kuzigeuza kwenda kipimo cha Centiloid kilichowekwa 2015, ambapo 0 ni wastani wa vijana wenye afya na 100 ni wastani wa wagonjwa wa kawaida wa Alzheimer.

Nguvu ya amiloidi ni kusema hapana: asipokuwa nayo, shida ya kumbukumbu ya mtu huyo karibu hakika haitokani na Alzheimer. Udhaifu wake ni kusema lini. Kati ya watu wasio na dalili zozote, takriban asilimia 10 wenye miaka 50 wanayo, na karibu asilimia 44 wenye miaka 90. Mabaka yanaweza kukaa miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili, na wengi hufariki kwa mengine. Hapa ujifunzaji wa mashine huongeza kidogo sana. Kizingiti kimoja cha Centiloid hufanya kazi karibu yote.

Tau ndiyo inayofuatana na dalili. Mahali mafundo yalipo leo ndipo kusinyaa kutakapofuata, kwa hiyo kwa swali la "lini", tau hushinda amiloidi. Flortaucipir iliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Shida zake ni upatikanaji, pamoja na dawa kunasa mahali pasipohusika, hasa kwenye viini vya ndani vya ubongo na pleksasi ya koroidi (tishu inayotengeneza maji ya ubongo) iliyo jirani kabisa na hipokampasi. Ukichukua namba ya hipokampasi kwenye PET ya tau bila kusahihisha mmwagiko huo, unapima jirani.

Vipimo vichache au picha nzima?

Ukishapata T1, njia ni mbili: kuipa modeli ujazo na unene wa maeneo kadhaa, au kuipa picha nzima ijitafutie.

Njia ya vipimo huenda hivi. Geuza faili za DICOM (muundo wa hospitali) kuwa NIfTI (muundo wa utafiti) kwa programu ya dcm2niix na uzipange kwa mpangilio wa kawaida wa BIDS. Sahihisha mwanga usio sawa kwa programu ya N4. Gawa maeneo ya ubongo. Kagua kwa macho. Gawanya ujazo kwa ujazo wa ndani ya fuvu, la sivyo wanaume wenye vichwa vikubwa wataonekana wazima kuliko walivyo. Hatua ya kugawa maeneo ndiyo yenye chaguo la kweli:

- FreeSurfer ndiyo iliyozoeleka na inayolinganishika na makala nyingi, lakini huchukua saa kadhaa kwa picha moja kwenye kompyuta ya kawaida. Kwa watu 1,000 hilo ni suala la bajeti.
- FastSurfer hugawa maeneo kwa dakika moja hivi kwenye kadi ya GPU, na majina ya maeneo yanafanana na ya FreeSurfer.
- SynthSeg ilifunzwa kwa picha za kutengenezwa zenye rangi na unene wa kila namna, kwa hiyo hustahimili picha za hospitali zilizopigwa kwa vipande vinene. Usahihi wake kwenye T1 nzuri hauzidi hao wawili kwa kiasi cha kujivunia.

Usichanganye programu mbili ndani ya utafiti mmoja, wala matoleo mawili ya programu moja. Toleo jipya likibadilisha mpaka wa hipokampasi kidogo tu, tofauti hiyo huzidi mwaka mzima wa ugonjwa.

Ukaguzi wa macho haukwepeki. Ventrikali (vyumba vya maji ndani ya ubongo) kubwa sana huipotosha programu, utando wa juu wa ubongo huhesabiwa kama gamba, na mara chache faili huwa na kichwa cha habari kibovu ambapo kushoto na kulia vimebadilishana. Hilo la mwisho halionekani kwenye jedwali la namba hata kidogo.

Njia ya picha nzima inahitaji maandalizi machache lakini data na kumbukumbu ya kompyuta nyingi zaidi. Picha iliyolinganishwa na kiolezo cha kawaida huwa na vokseli 182 × 218 × 182, zaidi ya milioni 7. Kwa baiti 4 kila moja hiyo ni megabaiti 29 hivi. Tabaka la kwanza lenye chaneli 32 kwa ukubwa huohuo hula megabaiti 924 kwa mtu mmoja, kabla ya tabaka la pili na kabla ya kurudi nyuma kufunza. Ndiyo maana watu hupunguza picha, hukata vipande vidogo, au hufunza kwa watu wawili wawili kisha wakashangaa mafunzo hayatulii.

Modeli

Rigresheni ya lojistiki na SVM, mbinu za zamani za kuchora mpaka kati ya makundi mawili, hufanya kazi kwa watu mia chache, hufunzwa kwa sekunde, na ukosaji wake unaeleweka. Mwaka 2020 kundi la Paris lililofanya mapitio ya mitandao ya neva kwa Alzheimer lilijaribu pia mbinu hizo upya kwa utaratibu mmoja: mitandao ya 3D haikuizidi SVM ya kawaida, na ile ya vipande vya 2D ilikuwa chini zaidi. Tangu hapo mitandao imeboreka, lakini SVM bado ndiyo unayopaswa kuizidi kwanza.

Miti ya maamuzi iliyoimarishwa kwa hatua inafaa sana ukichanganya ujazo wa ubongo, umri, jeni ya APOE (inayoathiri hatari ya Alzheimer) na vipimo vya kumbukumbu, maana hustahimili namba zinazokosekana. Kwenye shindano la TADPOLE la kutabiri mwenendo wa Alzheimer, lenye timu 33 na algoriti 92, mbinu ya aina hii ndiyo iliyoongoza kwa jumla. Shindano hilo lilifunza jambo jingine pia: timu zilitabiri vizuri utambuzi wa ugonjwa na ukubwa wa ventrikali, lakini kwa alama za mtihani wa uwezo wa akili wa ADAS-Cog hakuna iliyozidi kubahatisha kwa tofauti ya maana.

Modeli za muda wa kusubiri, kama Cox, hazipewi nafasi zinayostahili. Fikiria mtu mwenye MCI aliyeacha kuhudhuria mwezi wa 18. Ukitumia swali la "amegeuka ndani ya miezi 36 au la", utamweka kwa waliobaki salama, ilhali hujui. Au utamtupa, na walioacha mara nyingi ndio walioumwa zaidi. Cox humhesabu hadi mwezi wa 18, kisha humwacha. Kwa swali la pili, hii ndiyo ningeanza nayo kabla ya mtandao wowote wa neva.

"Umri wa ubongo" ni chaguo tofauti: modeli hufunzwa kwa watu wazima kiafya kukisia umri kutoka kwenye T1, kisha ziada ya miaka huchukuliwa kuwa dalili. Faida yake ni kuwa haihitaji wagonjwa wengi. Lakini kosa lake la wastani huwa miaka 3 hadi 5, na kwa kawaida huwaona vijana wazee kidogo na wazee vijana kidogo, kwa hiyo lazima isahihishwe kwa umri. Halafu haisemi ni ugonjwa gani. Pombe, kisukari na shinikizo la damu huisukuma namba hiyohiyo.

Mitandao ya 3D ichukue ukiwa na maelfu ya skani, au ukianzia kwenye modeli iliyokwisha kufunzwa kwa kazi nyingine ya ubongo. Ramani za rangi zinazodai kuonyesha "modeli ilitazama wapi" zisikutulize. Zitumie kinyume, yaani kutafuta kasoro: rangi ikiwaka kwenye fuvu, shingo au ukingo wa picha, kuna kitu kimevuja.

Data inapovuja

Mapitio yale ya Paris yaligundua kuwa zaidi ya nusu ya makala yaliyoyachambua huenda yalikuwa na uvujaji wa data, na mfano wake unapatikana bila shida. Kuna mkusanyiko maarufu mtandaoni wa picha 6,400 za MRI katika madaraja manne: 3,200 za wazima, 2,240 za demensia hafifu sana, 896 za hafifu na 64 za kati. Gawa kila namba kwa 32. Unapata 100, 70, 28 na 2. Mkusanyiko wa OASIS-1 wa Washington University una watu 70 wa daraja la hafifu sana, 28 wa hafifu na 2 wa kati. Kwa maneno mengine, zile "picha 64 za demensia ya kati" zinalingana na vipande 32 vya vichwa viwili. Ukizichanganya ovyo na kugawa asilimia 80 kufunza na 20 kupima, vipande jirani vya kichwa kilekile vinakuwa pande zote mbili, na modeli inatambua mtu, si ugonjwa. Usahihi wa asilimia 99 unaotokea hapo hauna maana yoyote.

Dawa yake ni kugawa kwa mtu, kabla ya jambo lolote lingine. Skani zote za mtu mmoja, ziara zote, ziende upande mmoja. Kuna uvujaji mwingine usioonekana haraka: kuchagua maeneo bora ya ubongo kwa kutumia data yote kabla ya kugawa, au kusawazisha tofauti za mashine kwa mbinu ya ComBat juu ya data yote badala ya upande wa kufunzia tu. Mbaya kuliko yote ni kuingiza alama za CDR (mizani ya ukali wa demensia) au MMSE (mtihani mfupi wa uwezo wa akili) kama kipimo cha kutabiria utambuzi wa siku hiyohiyo. Utambuzi ulitolewa kwa alama hizo, kwa hiyo modeli inasoma jibu.

Kisha kuna suala la nani yumo kwenye data. ADNI, iliyoanza 2004, iliwatenga watu wenye dalili kubwa za magonjwa ya mishipa ya ubongo, na washiriki wake wengi ni weupe wenye elimu ya juu. Mgonjwa wa kawaida wa kliniki ana Alzheimer na mishipa iliyoharibika kwa pamoja. Modeli yenye alama za juu kwenye ADNI na za chini kwenye hospitali haijaharibika njiani. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Ukiweza, funza kwa ADNI na OASIS, kisha pima kwa AIBL ya Australia au kwa wagonjwa wako mwenyewe, mara moja tu.

Namba za kudai

Usahihi peke yake utupe. Dai AUC yenye mipaka ya kutokuwa na hakika, unyeti na umahususi kwenye kizingiti kilichochaguliwa kabla ya kupima, na jedwali la kama uwezekano unaotajwa ni wa kweli: modeli ikisema asilimia 30, je, kati ya watu 100 kama hao, 30 hivi huugua?

Dai pia ulinganisho na modeli ya msingi yenye umri, jinsia, elimu na mtihani mmoja wa kumbukumbu wa kusimulia tena hadithi au orodha ya maneno. Mara nyingi T1 huongeza juu ya hapo kidogo tu, na ni bora ujue hilo kabla ya kununua kadi za GPU.

Halafu weka modeli mahali pake. Chukua yenye unyeti wa asilimia 85 na umahususi wa asilimia 85. Kliniki ya kumbukumbu yenye watu 1,000, ambapo 400 kweli wataugua: itawakamata 340 na kuwatisha bure 90, hivyo aliyeambiwa ndiyo ana uwezekano wa asilimia 79. Peleka modeli ileile kwa watu 1,000 wasio na dalili, ambapo 20 ndio wataugua: itawakamata 17 na kuwatisha bure 147. Aliyeambiwa ndiyo ana uwezekano wa asilimia 10.

Kipimo cha damu kimebadilisha hesabu

Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua amiloidi, Lumipulse, kinachotumia uwiano wa protini za p-tau217 na beta-amiloidi 1-42, kwa watu wenye dalili. Baadhi ya watu huangukia kanda ya katikati isiyojibu. Hao ndio wanaobaki kuhitaji PET ya amiloidi au maji ya uti wa mgongo. Mradi unaoanza sasa wa kutabiri amiloidi kutoka kwenye MRI kwa mtandao wa neva unashindana na bomba moja la damu, na sioni ukishinda. MRI inabaki na kazi ambayo damu haiwezi: kuona mishipa, damu iliyovuja, maji yaliyojaa, na kiasi cha ubongo kilichokwisha kupotea.

Uchague nini

Kliniki yenye MRI na wagonjwa wa MCI: T1 ya 3D pamoja na FLAIR, FastSurfer, ujazo wa maeneo kumi hivi, mtihani wa kumbukumbu, na modeli ya Cox. Ongeza p-tau217 ya damu ikipatikana. Mtandao wa neva usubiri.

Mgonjwa ni kijana kuliko kawaida, au tabia na lugha vimeharibika kabla ya kumbukumbu: FDG. Hapa modeli ya mashine ni msaidizi tu, na jicho la mtaalamu wa PET ndilo linaloongoza.

Mgonjwa anafikiriwa kwa lecanemab au donanemab, dawa za kuondoa amiloidi: uthibitisho wa amiloidi ni lazima, na MRI ya kutafuta damu iliyovuja ni lazima kabla na wakati wa matibabu, kwa kuwa dawa hizi zinaweza kusababisha uvimbe na kuvuja damu ubongoni. Hakuna alama ya modeli ya T1 inayochukua nafasi ya kimojawapo.

Mwanafunzi mwenye kompyuta moja na miezi sita: OASIS, SVM na ujazo wa maeneo, mgawanyo kwa mtu, na modeli ya msingi ya umri na jinsia pembeni. Thesisi inayoonyesha kwa uaminifu kuwa AUC ni 0.72 ina thamani kuliko ya 0.99 iliyovuja.

Mtu asiye na dalili anayetaka skani ili ajue mapema: hesabu ya 17 na 147 hapo juu ndiyo jibu lake kwa sasa, na PET ya amiloidi haimwambii ni lini. Kamisheni ya Lancet ya 2024 iliorodhesha mambo 14 yanayobadilishika, yakiwemo shinikizo la damu, usikivu, kisukari na uvutaji sigara, yanayohusishwa na takriban asilimia 45 ya demensia. Hayo yanapimika bila mashine ya MRI.

Mwenye CT pekee asikate tamaa, ila asijenge mtandao wa neva juu yake. Omba data zihifadhiwe kwa unene wa milimita 1, zipangwe upya kwa vipande vilivyosimama wima juu ya mhimili wa hipokampasi, na alama ya Scheltens itolewe kwa macho na watu wawili, kila mmoja bila kuona ya mwenzake. Wakitofautiana kwa zaidi ya alama moja, wa tatu asome.